Kaka Nassor, Turbo Yako Irekebishe Mwenyewe

Kaka Nassor,

Shikamoo. Hiyo ni haki yako kwa kuzaliwa mbele yangu, na leo usitarajie zaidi ya hiyo.

Kaseti yako kutoka Abu Dhabi imefika. Tuliisikiliza sebuleni hapa Ibra, mimi na mama. Unasema umenunua gari jipya la turbo, presha yake inapanda na kushuka kama homa, na ukija Idi nikurekebishie "kwa mkono wako ule wa dhahabu." Kisha nikakusikia unawageukia wenzako: "Huyu mdogo wangu, jamani, turbo ilimkosesha mke!" Wakacheka. Mama akanyoosha mkono, akaizima redio, akaenda zake jikoni.

Hilo ndilo jibu lake. Langu hili hapa.

Unalikumbuka lile gari jeupe? Lilikuwa lako, lakini aliyelijua ni mimi. Ijumaa baada ya sala tukitoka nalo mpaka kwenye njia tambarare ya Sur, wewe kwenye usukani, mimi macho kwenye geji ya presha ya turbo. "Kanyaga," nakwambia. Unakanyaga, gea ya nne. Sindano ikiruka kisha ikarudi nyuma, tunasimama, nafungua boneti, naizungusha ile skrubu ya presha robo mzunguko tu, nakaza nati yake, tunajaribu tena. Ukichoka upesi. "Ongeza, bwana wee! Unapima kama chumvi ya mgonjwa!" Siku sindano ilipopanda ikatulia palepale, bila kutikisika, ulinikumbatia katikati ya barabara. Nilikupenda siku ile, kaka. Sifichi.

Nilikuomba jambo moja: usiiguse tena, joto la huku halisamehe. Ukajibu, "Haya, fundi."

Tangu baba afariki, wewe ndiye uliyekuwa msemaji wa nyumba yetu. Mimi sikuweza kwenda kujiposea mwenyewe. Ningeonekana sina watu. Kwa hivyo siku ya kwenda Samad kwa kina Zuwena, niliyesoma naye chuo kimoja cha Kurani Unguja tungali wadogo, kabla ya watu wetu kuhamia huku, nilibaki nyumbani kama ada inavyotaka. Wewe ukaenda, na gari lile. Baba yake alikuwa ameshaita wazee wake, kahawa na halwa zimeshatengwa.

Njiani pikapu ya vijana ikakupita, wakakupigia honi. Basi! Ukasimama, ukafungua boneti ukiwa na kanzu yako nyeupe, ukaizungusha skrubu mpaka mwisho. Uliniambia mwenyewe, tena kwa kujigamba: "Lakini niliwapita!" Uliwapita, kisha injini ikaanza kugonga kama changarawe ndani ya kopo, pistoni ikatoboka.

Hilo ningelisamehe. Chuma ni chuma. Lakini mzee mmoja alisimamisha gari lake akakwambia, "Panda, mwanangu, nakwenda hukohuko Samad." Ukakataa, kwa sababu nyuma alipakia mbuzi, nawe hukutaka kushuka mbele ya wakwe unanuka mbuzi. Ukakaa kivulini kungoja gari la kukuvuta mpaka jua likazama. Wazee wa watu wamekaa, wanatazama mlango! Baba yake Zuwena akatuletea jibu moja tu: "Asiyeharakia posa, mke atamharakia?" Kabla ya mwaka kwisha Zuwena akaolewa na mwengine.

Nawe ukaniambia nini? "Wanawake wapo." Ninaandika shajara tangu nipo sekondari, na siku ile ndiyo siku pekee niliyoishika kalamu nikaiweka chini bila kuandika. Sasa umeifanya hadithi ya kuchekeshea watu.

Gari lako sitaligusa. Lakini unapakia wanao humo, kwa hivyo soma vizuri. Kwanza kagua mipira yote inayokwenda kwenye turbo. Mmoja ukipasuka, presha haitatulia hata ufanye nini. Ilegeze skrubu mpaka presha iwe ya chini kabisa. Pasha injini moto, nenda njia tambarare, mtu mwengine atazame geji. Panda robo kwa robo, kaza nati kila mara. Ukisikia kugonga, inua mguu, rudisha nyuma. Ikishatulia, funga boneti, na atakayekupita njiani mwache apite. Hapo ndipo utakaposhindwa.

Jambo la mwisho. Mama amenitafutia mchumba Nizwa. Tutaposa baada ya Idi, na atakayesema ni mjomba. Nilimwuliza mama, "Na Kaka Nassor, je?"

Mama alikuwa anachagua mchele. Hakuinua uso. "Nassor," akasema, "aje kula biriani."

Basi karibu. Utakula, utanawa, na utanyamaza.

Mdogo wako,
uliyekuwa ukimwita fundi.