Milimita Nne za Gurudumu la Mbele

Sherikat,
Juba, Sudan Kusini.
Jumatano, 12 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Mowlid,

Jana Jumanne, saa kumi alasiri, Lubega, fundi baiskeli wa hapa Sherikat, aliniambia kwamba vipimo ulivyonitumia wiki iliyopita si vya baiskeli ile uliyoipima mwezi Juni. Nimevikagua mwenyewe usiku kucha. Nakubaliana naye.

Najua Mama akisomewa mwanzo huu atauliza salamu ziko wapi. Salamu hizi hapa: assalaam aleikum, wewe, mkeo Muhubo na watoto. Mimi ni mzima. Kikohozi cha vumbi kilichonisumbua mwezi uliopita kimepungua tangu nilipoacha kulala na dirisha wazi. Nawe, je? Swali hili huwa naliandika kwa mazoea. Safari hii nataka jibu lake, na nataka lianzie kwenye mkono wako wa kulia.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe husema ndiyo kabla sijamaliza swali. Barua hii inaletwa na binamu yetu Hanad, ambaye malori yake yanaondoka leo kupitia Nimule. Nimemwambia akukabidhi mkononi, asimpe mtu mwingine.

Kwanza breki, maana ndizo ulizoniagiza.

Nilianza kwa Gabow, yule wa Garissa mwenye duka la vipuri vya jumla hapa Juba. Alinitolea boksi jipya lenye jina kubwa la Kijapani na maneno kwamba mikono ya breki ni ya alumini. Nilitoa sumaku kwenye mkoba. Ilinasa kwenye mkono wa kwanza, ikanasa na wa pili.

"Abaayo," akaniambia, kama anavyowaita wanawake wote wa kwetu, "wewe ni mwandishi au polisi?"

"Mteja. Alumini gani hii inashikwa na sumaku?"

"Labda ya Japani ni tofauti."

Alicheka mwenyewe kabla yangu, akalirudisha boksi juu. Simlaumu sana, anauza alichouziwa. Lakini chuma kile chembamba, ukikibana kwa nguvu, mikono inapinda kwanza na raba zinaigusa rimu baadaye. Kwenye barabara tambarare hungeona tofauti. Kwenye mteremko wa kutoka Timau hadi Isiolo ungeiona.

Jozi ya pili niliipata kwa kijana mmoja wa Gumbo. Hizo zilikuwa alumini kweli, nyepesi, nzuri kutazama. Tatizo ni kwamba zinafungwa kwa nati ndefu inayoingia ndani ya foku, ile panda inayoshika gurudumu la mbele, kutokea nyuma. Tundu la foku ya Baba ni jembamba, limetengenezwa kwa bolti ndefu yenye nati ya nje. Kijana alitaka nikuambie utoboe. Alisema ni kazi ya dakika tano. Nilimuuliza ametoboa foku ngapi za zamani. Akasema hii ingekuwa ya kwanza. Nilimshukuru nikarudi Sherikat.

Jozi ya tatu ni za Lubega. Anasema zilitoka kwenye baiskeli ya msafiri mmoja aliyefika Juba akitokea kusini, akachoka, akarudi kwao kwa ndege. Hadithi za namna hiyo nimezisikia nyingi hapa, na mara nyingi msafiri mwenyewe huwa bado anaitafuta baiskeli yake. Kwa hiyo nilimuuliza zimetoka wapi siku tatu tofauti, kila mara kwa mlango mwingine: mara nauliza alifika lini, mara alikuwa na mizigo mingapi, mara nani alimuuzia tiketi. Majibu hayakuyumba. Siku ya tatu alinionyesha picha kwenye simu: yeye, mzungu mrefu mwenye miguu iliyoungua jua, na baiskeli katikati yao. Hapo nikaacha kuuliza.

Mikono yake ni alumini, minene, na kila mmoja unazunguka kwenye egemeo lake, kwa hiyo inabana pande zote mbili sawasawa. Haina jina lolote la kujivunia. Bolti ni ndefu, nati ni ya nje. Raba zinaweza kushuka kutoka milimita arobaini na saba hadi hamsini na saba chini ya tundu. Huo ndio mpaka wake: chini ya hapo haifiki, juu ya hapo haipandi.

Sasa shika rula, kwa sababu tumefika kwenye jambo lenyewe.

Mwezi Juni nilikufundisha kupima: kutoka katikati ya tundu la breki, moja kwa moja chini, hadi katikati ya ukingo wa rimu ambapo raba itagusa. Ulinitumia mbele arobaini na saba, nyuma hamsini na mbili. Lubega aliziandika kwa chaki kwenye mlango wake wa bati, 47 na 52, akaniambia nisizifute hata kama mvua itanishawishi. Kwa kipimo kile cha mbele, breki fupi zaidi ingetosha pia, na tayari alikuwa ameniwekea moja pembeni.

Jana nilienda kumalizana naye. Nilimsomea vipimo vyako vya wiki iliyopita, kwa ajili ya kuhakikisha tu. Mbele hamsini na moja. Nyuma hamsini na mbili.

Lubega alikuwa amechuchumaa akivuta waya. Aliutazama mlango, akanitazama mimi.

"Hajati, hii baiskeli ni ile ile ama ni ingine?"

"Ile ile. Ya baba yetu."

"Sasa mbona mbele imeongeza? Chuma haiko mtoto, haikui."

"Labda alipima vibaya."

"Nyuma alipima vizuri, mbele akapima vibaya?" Aliweka koleo chini. "Hapana. Gurudumu ya mbele imekufa, wameweka ingine ndogo. Huyo ndugu yako aligonga kitu, anakuficha."

Nikamwambia huna tabia ya kunificha mambo.

"Mimi pia ningekuficha," akasema. "Wewe iko na maswali kama askari wa kizuizi."

Wateja wake wawili waliokuwa wakisubiri walicheka sana. Nami nilicheka, halafu nikarudi nyumbani kutafuta namna ya kumthibitishia kwamba amekosea. Sikuipata.

Magurudumu ya Baba ni ya inchi ishirini na saba, ya chuma kilichopakwa kromu, yaliyokuja na baiskeli alipoinunua mwaka 1983 kwa mwalimu aliyekuwa anahama Isiolo. Magurudumu yanayouzwa siku hizi kwa baiskeli kama hiyo ni ya alumini na ni madogo kidogo: upana wa duara umepungua milimita nane. Nusu yake ni nne. Arobaini na saba jumlisha nne ni hamsini na moja. Tairi haliingii kwenye hesabu hii, upepo hauingii, joto la Isiolo haliingii. Nyuma hakujabadilika kwa sababu nyuma hakukuguswa. Mtu anayefanya matengenezo kwa hiari hubadilisha magurudumu mawili. Anayebadilisha la mbele peke yake ameligonga la mbele.

Picha yako ya Juni bado ninayo, pamoja na rula, na kipimo kinasomeka. Kwa hiyo usiniambie ulikosea Juni. Picha ya wiki iliyopita nayo ninayo. Umeikata. Inaanzia kwenye usukani na kurudi nyuma. Gurudumu la mbele halimo. Katika miaka ishirini na miwili ya uandishi wa habari nimeletewa picha nyingi zilizokatwa, na kitu kinachokosekana ndicho ninachokitafuta kwanza. Utepe wa usukani ni mpya upande wa kulia tu. Na kivuli chako kwenye ukuta kina mkono mmoja mnene kuliko mwingine, kama uliofungwa bandeji.

Leo asubuhi nilimpigia Muhubo. Nilimuuliza ulianguka lini. Sikumuuliza kama ulianguka. Akasema, "Dada, muulize mwenyewe. Mimi niliapishwa." Usimgombeze. Hakuvunja kiapo, hakusema lolote zaidi ya hapo, na mimi sikumbana.

Mwangi, fundi wako, naye anajua, kwa sababu gurudumu lile halikujifunga lenyewe. Namfahamu Mwangi tangu akiziba pancha za Baba. Ni fundi mzuri na mwongo mbaya. Jumapili nilipompigia kuuliza hali ya baiskeli alinieleza habari za mnyororo kwa dakika kumi.

Sasa nieleze kwa nini nasumbuka, usije ukadhani nimekasirika kwa kufichwa. Hilo nimezoea. Nasumbuka kwa sababu pigo lililokunja rimu ya chuma halikuishia kwenye rimu. Lilipanda kwenye foku, na kutoka kwenye foku likaingia kwenye fremu. Umebadilisha kinachoonekana. Kisichoonekana umekiacha, halafu ukaniagiza breki zenye nguvu zaidi.

Kwenye mteremko, breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kusimamisha, na inapobana huisukuma foku irudi nyuma kwa nguvu zote za mtu na mzigo wake. Foku nzima hustahimili. Foku iliyopata ufa inaweza kustahimili mara mia, isiwepo mara ya mia na moja. Breki mbaya ingekufanya uende kwa woga. Breki nzuri juu ya foku iliyovunjika itakufanya ujiamini, na wewe ukijiamini unajulikana.

Kwa hiyo fanya hivi siku utakayoipata barua hii, kabla ya swala ya magharibi kukiwa bado na mwanga. Geuza baiskeli juu chini. Pitisha kidole chini ya bomba la chini la fremu, pale linapokutana na shingo. Ukisikia mkunjo, hata mdogo kama mshono wa shati, au rangi iliyopasuka, acha hapo hapo. Halafu simama ubavuni na utazame foku: inatakiwa iinuke moja kwa moja kutoka shingoni na kupinda mbele karibu na ekseli tu. Kama imerudi nyuma popote, imepinda. Usikubali mtu yeyote akuambie ataichoma moto kidogo na kuinyoosha. Mtu huyo akiwa Mwangi, mwambie nimemtaja.

Breki haziji na barua hii. Utalipekua begi la Hanad na hutazipata. Ninazo mimi, zimefungwa kwenye kanga, na zitatoka kwenye kanga foku ikishaonekana nzima au ikishabadilishwa. Zinakubali hamsini na moja na hamsini na mbili, kwa hiyo kwa upande wao hakuna shaka. Raba nimenunua mpya, laini, za rimu ya alumini. Za nyuma ni tofauti, kwa kuwa bado una kromu, na kromu ikilowa haishikiki vizuri kwa raba yoyote. Hilo nalo tutaliongea.

Lubega ana desturi moja ambayo nimeamua kuihamishia Isiolo. Haachii breki mpaka mnunuzi aione ikifanya kazi na mzigo. Alizifunga zako kwenye baiskeli yake mwenyewe, akapakia madumu mawili ya maji ya lita ishirini, akashuka kile kimteremko nyuma ya kibanda chake. Mimi nilichora mstari wa chaki aliponiambia. Bila mzigo, anasema, breki inaongopa. Alibana kwenye mstari na akasimama kabla ya mapana mawili ya mlango wake. Nilimwambia arudie. Akarudia mara nne, ya mwisho akilalamika kwa Kiganda. Mapana mawili, mara zote nne.

Msafara wenu wa baiskeli wa Nanyuki hadi Isiolo ni Jumapili tarehe 14 Desemba. Hiyo umenitajia mwenyewe, pamoja na majina ya walimu wenzako tisa. Sikukatazi. Baba aliuteremka mteremko ule kwa baiskeli ile ile akiwa na sanduku la chanjo za ng'ombe nyuma, na alikuwa akishuka na kuisukuma kila aliposhuku breki. Sehemu hiyo ya hadithi wewe huiruka unapoisimulia.

Nisalimie Mama, mwambie dawa zake za macho nimezipata na nakuja nazo. Msalimie shangazi Ruun na jirani yetu mzee Constantine, ambaye bado ananidai barua. Watoto wabusu. Muhubo mpe shukrani zangu kwa kunyamaza vizuri. Mwenyezi Mungu awalinde nyote, na wewe akulinde hasa na ile imani yako kwamba jambo usilolisema halijatokea.

Likizo yangu inaanza Ijumaa tarehe 5 Desemba; jioni hiyo nitakuwa Nairobi. Jumamosi tarehe 6, saa tatu asubuhi, nitakuwa kwenye karakana ya Mwangi. Baiskeli iwepo. Gurudumu la zamani liwepo pia, popote ulipolificha. Na madumu mawili ya lita ishirini, yamejaa.

Dada yako anayekupenda na bado hajakusadiki,

Safiyo