Sari Nyeupe Siku ya Holi

Mtaa wa Reli, Mathura
Kesho yake baada ya Ram Navami

Mdogo wangu Anguri,

Radhe Radhe, na baraka za dada yako ziwafikie nyote hapo Indore. Natumaini sukari imeshuka, na kwamba dawa unazinywa badala ya kuzificha chini ya mto kama alivyokuwa akifanya marehemu mama. Shemeji Bhikam naye, miguu bado inavimba? Mimi sijambo. Magoti yanalalamika na jicho la kushoto limegoma kazi, ila ulimi ni mzima kabisa, na majirani watakuhakikishia hivyo bila kuulizwa.

Najua Lakhan amekupigia simu. Mwanangu huyo hana kifua. Amekwambia mama yake amepata wazimu wa uzeeni, amemvunja mzee wa watu mtulinga na mkono kwa fimbo, mchana kweupe, mbele ya klabu nzima, na kwamba anakuja kunihamishia kwake Pune, ghorofani huko, nikafe nikitazama mapaa ya magari. Mwezi mzima nimenyamaza kwa sababu kuna mambo ya simu na kuna mambo ya barua. Vaa miwani yako, kaa, unisikilize. Ukimaliza kusoma, karatasi hizi uzitie motoni.

Klabu yetu ya wazee unaijua, ulikuja mwaka ule wa harusi ya Lakhan. Baridi ikikatika tu, wazee wa pale hupandwa na damu. Mwaka huu tulianza vizuri siku ya Basant, sikukuu ya kuiaga baridi, kila mtu kavaa njano, tukala wali wa zafarani, wanaume wakarusha vishada juani. Jua halijatua, Hotilal mpiga ngoma akamtwanga Gendalal kichwani kwa ubao wa keram kwa sababu ya kete moja nyekundu. Gendalal akaruka akamng'ata sikio. Sasa meno yenyewe ni ya bandia, Anguri! Alipojivuta nyuma, meno yakabaki yananing'inia kwenye sikio la Hotilal, na yeye kasimama pale mdomo wazi kama kinda. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini damu ilikuwa ya kweli, na wiki nzima hawakusalimiana.

Baada ya Basant tukaanza mazoezi ya kucheka. Usishangae, siku hizi madaktari wanasema kucheka kunafungua mishipa. Asubuhi tunasimama duara kwenye nyasi, Mwalimu Chiranji, mwenyekiti wetu, anahesabu, nasi tunainua mikono tunacheka hahaha bila sababu yoyote. Mwanzoni unaona upuuzi, kisha unajikuta unacheka kweli. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu siku moja Ramkali alicheka.

Ramkali ni mke wa Totaram, jirani yangu wa ukuta mmoja. Totaram alistaafu upolisi, mkono wake haukustaafu. Yule mama alikuwa haruhusiwi kutoka ila kuja klabuni, na klabuni haruhusiwi kuja ila na mimi, kwa vile mume wangu alikuwa rafiki wa Totaram na yeye ananiita shemeji. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia Ramkali hata akipiga chafya kwa sauti. Siku hiyo sijui nini kilimgusa. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akakaa chini kwenye nyasi, anajishika tumbo, na wazee wakampigia makofi. Totaram naye alitabasamu. Nililiona lile tabasamu na chai ikanishinda kunywa.

Mchana nilisikia mkanda. Kisha nikasikia lota, kile chombo cha maji cha shaba, ikigonga kitu ambacho si ukuta wala sakafu. Nilichukua mchi wa viungo nikaupigapiga ukuta, nikampigia kelele Totaram kwamba namsikia. Akanijibu bila hata kuhema, "Shemeji, geuza chapati zako, zinaungua!" Kesho yake Ramkali alikuja amejifunika mdomo kwa pindo la sari, na alipokunywa maji nikaona meno mawili ya mbele hayapo. Nilikwenda kwa Mwalimu Chiranji nikamwambia. Mtu msomi yule, mpole, alinitazama kwa huruma akasema nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu, tena Holi inakaribia, tusitie nuksi. Nilimwambia asante. Ndani yangu nilimtukana matusi ambayo sitayaandika hapa.

Holi ya kwetu Braj hujaisahau, ingawa huko mlikoolewa mnamwagiana rangi tu kama watoto. Klabuni tunaicheza kwa fimbo vilevile kama vijijini. Wanaume wanakuja na ngao za ngozi wakituimbia matusi, sisi tunajitanda ushungi mpaka kidevuni, tunawatandika. Mke hampigi mumewe, anampiga shemeji wa kubuni au wa kweli. Mwanamume anachuchumaa chini ya ngao, haruhusiwi kurudisha wala kukasirika, na akiumia hakuna kesi. Kwa ajili ya mifupa yetu, fimbo zinafungwa matambara. Tangu mwaka juzi wajane nao wameruhusiwa. Wenzangu wanarusha maua tu, wanaogopa maneno ya watu. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikishika fimbo. Basi katikati ya zile sari nyekundu na za manjano, nyeupe ya ujane ilikuwa moja, na kila mtu alijua ni ya nani.

Watu waliona hivi. Hotilal alianza ngoma, sikio lake bado lina bandeji. Wanaume wakaingia wanacheza, Totaram mbele, ametia wanja, amelewa bhangi ya maziwa, ngao ameishika kwa mkono mmoja kwa maringo. Sari nyeupe ikatoka kumpokea. Fimbo ya kwanza ikalia juu ya ngao, watu wakashangilia. Totaram akachuchumaa akaanza utani wake. "Piga, shemeji! Au hujala leo? Kaka alikuwa anakulisha nini?" Fimbo ya pili, ya tatu, zote juu ya ngao. Ndipo akafanya alichokuwa akifanya kila mwaka, akaishusha ngao kidogo awachungulie watu na kuwakonyeza. Fimbo ikamkuta begani. Tulisikia kitu kikivunjika kama muwa.

Alipiga ukelele. Na unajua watu walifanyaje, Anguri? Walicheka. Kila mwaka wanaume hujifanya wanakufa, ndio mchezo wenyewe. Alipozidi kupiga kelele, Hotilal alizidi kuiharakisha ngoma, na wanawake wakapiga vigelegele. Ngao ikaanguka. Akainua mkono kujikinga, mkono ukapigwa. Akaanza kutambaa, akapigwa mgongoni, makalioni, kwenye nyayo kama wanavyopigwa wezi kituoni. Akageuka chali kusema kitu na fimbo ikashukia mdomoni. Mpaka damu ilipoonekana kwamba haifanani na rangi ya Holi, ndipo Mwalimu Chiranji alipopiga filimbi. Hata hapo ngoma ilichelewa kunyamaza. Sari nyeupe ikaitupa fimbo, ikaingia chumba cha majamvi, na baada ya kitambo nikatoka mimi, uso wazi, damu ya Totaram imenitapakaa kifuani.

Yaliyofuata Lakhan amekueleza kwa chumvi yake. Nilitemewa mate. Gendalal, ambaye amekula gujiya zangu miaka kumi na zaidi, alisema mjane akipewa fimbo ni sawa na fisi kupewa bucha. Polisi hawakuitwa kwa kuwa kesi ya Holi haiendi polisi, na Totaram mwenyewe angekufa kwa aibu kusimama mbele ya wenzake wa zamani kusema kapigwa na bibi kizee. Kamati ilikaa, ikaamua nimwangukie miguuni hadharani siku ya Ram Navami, sikukuu ya kuzaliwa mungu Ram, au nisikanyage tena klabuni. Mtu mmoja tu aliyesifiwa katika jambo zima ni Ramkali. Jioni ile ile alikuja mlangoni kwangu, mbele ya majirani wote, akaomba sari yangu akaifue. Alisema damu ya mume wake ataifua mwenyewe. Wanawake walitokwa na machozi. Walisema hayo ndiyo maadili, sio ya yule mchawi.

Lakhan aliniambia nisiende kuomba radhi, afadhali anihamishe. Nami moyo wangu ulikuwa huko huko, maana kuliko kuigusa miguu ya yule mtu ni bora nilambe mfereji. Lakini nikiondoka, Ramkali atatoka nyumbani na nani? Nani atapiga mchi ukutani? Basi jana nilikwenda. Baada ya kumwimbia Ram na kumbembeza mtoto Ram kwenye kitanda chake cha maua, Mwalimu Chiranji alitoa hotuba, kisha nikapiga magoti yangu haya mabovu nikagusa miguu ya Totaram. Plasta imemzunguka kifua na mkono. Aliinua sauti wote wasikie. "Nimekusamehe, shemeji. Mwanamke akikosa mume wa kumtuliza, anapagawa." Watu wakacheka, mke wake akiwa pembeni yake ameshika kijiko.

Sasa nikwambie, mdogo wangu, na usipige kelele ukamwamsha Bhikam. Sikumpiga mimi. Bega langu la kulia limeganda tangu msimu wa mvua. Siwezi hata kuchana nywele zangu mwenyewe, Anguri, sembuse kuinua fimbo, na katika klabu nzima hakuna hata mmoja aliyejiuliza. Wao waliona sari nyeupe, wakamaliza.

Asubuhi ya Holi, kwenye chumba cha majamvi, Ramkali aliniomba nimwazime sari yangu. Nilirudi nyuma. Mke mwenye mume hai kuvaa nyeupe ni kumwombea mumewe kifo, hata kwa mzaha hakuna anayethubutu, na ndiyo maana hakuna aliyeshuku. Nilimwambia, "Dada, unajua unachoomba?" Akasema anajua, anataka kuona inavyokuwa. Alizivua bangili zake kwa sabuni, moja baada ya nyingine. Moja ikavunjika mkononi, akaitazama damu, akatabasamu na lile pengo lake. Akaifuta rangi nyekundu ya ndoa kichwani kwa mate. Nikamvisha mwenyewe. Nami nikavaa sari yake ya manjano, nikatia bangili zake, zikaingia kwa urahisi kwa jinsi nilivyokonda, nikajitanda ushungi nikaketi nyuma pamoja na wapishi. Wote walijua ni mke wa Totaram, hachezi kwa sababu mumewe hataki. Nilikuwa sijavaa rangi tangu tulipomchoma mume wangu. Nilifurahi, Anguri. Mwenzangu anavunja mtu mifupa pale uwanjani, na mimi nazichezesha bangili chini ya pindo nizisikie zikilia.

Usidhani nilidanganywa. Mtu haombi sari ya mjane ili akambembeleze mtu. Yale matambara kwenye fimbo niliyafungua mimi, kwa meno, kwa sababu fundo lilikuwa limekaza. Na ngoma iliponyamaza nilimfuata chumbani, tukarudishiana sari, nikaivaa nyeupe yangu na damu yake. Siombi radhi kwa hilo, si kwako wala kwa Ram. Nilipogusa miguu ya Totaram jana nilikuwa nawaza tu kwamba nyayo zimepona haraka.

Baada ya ibada nilipita kwao. Ramkali alikuwa akimlisha halua ya Navami, kijiko baada ya kijiko, anampuliza, anamfuta kidevu. Totaram alikuwa akimwambia kwamba maji ya kuoga ya leo yalikuwa ya baridi, kwamba haya yote anayaweka kichwani, na kwamba Jumanne daktari anaikata plasta. Alisema hivyo bila hasira, anatafuna. Ramkali akamjibu ndiyo, bwana, Jumanne.

Alinifuata jikoni. Nilimuuliza kuhusu sari yangu, kwa kuwa nimebakiwa na moja tu. Alifungua sanduku lake la harusi. Ilikuwa juu ya vyote, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa kama nguo ya hekaluni. Nilinyoosha mkono. Akakishusha kifuniko taratibu, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya mtu anayeomba ungo, "Niachie kwanza, dada." Nilimtazama. Kule chumbani Totaram alikuwa akiita maji. Nikamwambia sawa, nikarudi nyumbani, na tangu jana sijapiga mchi ukutani.

Basi mzuie Lakhan asije wiki hii. Mwambie mama ameomba radhi, yameisha, anakula vizuri. Msalimie shemeji Bhikam, ainue miguu anapolala. Wabusu wajukuu, na wewe uache pipi. Na kama kuna mtu anayekuja huku Mathura, mpe sari moja nyeupe ya pamba aniletee. Ile yangu sitaidai tena.

Dada yako akupendaye,

Premvati