Kiti Kilicho Kati Yenu

Mama, chai iko kwenye chupa. Mdogo wangu, anua nguo mvua ikitishia, na penseli zangu uziache. Naandika nimesimama.

Asubuhi mlinicheka, eti mtihani wa ajira umenichanganya. Haya. Nilikuwa najipima kwa yale maswali ya nani kaketi kando ya nani, nikatutumia sisi watatu na viti vyetu vinne. Ndipo nikagundua hakuna anayekalia kile kilicho kati yenu. Mama, ulisema mdogo wangu hakitaki. Yeye akaapa wewe ndiye uliyemkataza tangu utotoni. Mkatazamana, kicheko kikaisha.

Mlipotoka kwenda dukani nilikikalia. Kilikuwa na joto, kama kimeachwa na mtu sasa hivi.

~~Mkirudi kitoeni nje.~~ Hapana, msikiguse. Nimejaribu kukivuta hadi mlangoni, kikawa kizito kama kimekaliwa.

Niombeeni nifaulu. Nitakula hukohuko kwenye mtihani, kwa hiyo mchana mtakuwa wawili. Lakini tafadhali, pakueni sahani tatu.

Kaka mtu