Sigara ya Kwanza ya Asubuhi

Ruashi, Lubumbashi

Mama yangu mpendwa,

Kabla ya yote naulizia magoti yako. Mama mdogo Régine aliniambia kwamba siku hizi unashuka ziwani kwa fimbo. Nilicheka, maana najua kazi nyingine ya fimbo hiyo ni kufukuza watoto kwenye vichanja vya samaki. Usingizi unaupata? Na kifua je? Sisi huku tu wazima. Baridi imetushika, na vumbi la malori ya mgodini halitupi nafasi ya kuanika nguo, lakini tunakula na tunalala.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza kabla sijafika katikati, na mtandao nao unakuunga mkono. Nakuomba uisome barua hii mwenyewe kama masista walivyokufundisha, usimpe mtu akusomee.

Unajua kwamba chuma kilimkata Baba Mado mguuni kazini. Sikukuambia kwamba kidonda kilikataa kupona. Kila mara alikwenda kituo cha afya hapa mtaani kubadilishiwa bandeji, na kila mara kilikuwa vilevile, chekundu, chenye maji. Fundi wa mashine asiyeweza kusimama hana kazi, Mama, nawe unajua hapa mjini hatuna shamba. Majirani walianza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Siku moja nikamsindikiza.

Muuguzi ni mama wa makamo, mtu wa Kasai, mwenye sauti ya chini. Alifungua bandeji, akatazama, akauliza kama anayeuliza bei ya nyanya:

"Papa, unavutaka sigara?"

"Kidogo tu, Mama."

"Kidogo, njo bantu bote banasemaka. Ya kwanza ya asubui, unavutaka wakati gani? Kisha kuamuka tu, ao kisha kula?"

Mume wangu akacheka. "Mi sitokake hata mu kitanda. Mado njo ananileteaka. Analetaka yenye inawaka."

Yule muuguzi aliweka mkasi wake mezani.

"Inawaka? Na kinywa ya nani?"

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, na pale pale nikaona kitu nilichokuwa nakitazama kila siku. Mado wetu, na udogo wake, anainama juu ya jiko la mbabula, anabandika sigara kwenye kaa jekundu, anavuta mara mbili tatu mpaka mashavu yanaingia ndani, halafu anaipeleka chumbani akiikinga kwa kiganja. Wapangaji wenzetu walikuwa wanamsifu kwamba haijawahi kumzimikia njiani. Mama, nilitamani benchi lile linimeze.

Muuguzi hakumkemea, na mimi nilikuwa tayari kumkemea mbele ya watu. Alimweleza kwamba moshi unabana mishipa, damu haifiki mguuni inavyotakiwa, na kidonda kinakosa chakula chake. Akamwambia pia kwamba mtoto anayewasha ni mtoto anayevuta. Kisha akauliza kama angependa kuacha. Mume wangu aliutazama mguu wake.

"Nilishaka kujaribu, Mama. Inanishinda."

"Ulijaribu weye peke. Sasa tuko batatu."

Wakachagua siku. Alimwambia atoe nyumbani pakiti na kiberiti cha mfukoni, awaambie wenzake kazini wasimpe, na hamu ikija anywe maji, atembee kidogo, angoje. "Ile hamu inapitaka," alisema, "haikaake."

Haikai, lakini inarudi, na ikirudi haibishi hodi! Nisikufiche, nyumba yetu ilikuwa moto. Alisukuma sahani ya ugali wa bukari eti mboga imezidi chumvi. Aligombana na redio. Mimi nami unajua mdomo wangu. Halafu tukafiwa na mwenzake wa kazini, akaenda kukesha kwenye matanga, pakiti ikazunguka kwa wanaume waliokuwa wakiota moto, naye akachukua. Alirudi anatafuna pipi za mnanaa, kana kwamba mimi sina pua.

Siku ya bandeji alikwenda kama mtoto anayepelekwa kwa mwalimu mkuu. Muuguzi aliuliza tu alivutia wapi, na nani alikuwa karibu. Aliposikia habari za matanga akasema, "Bon. Kilio ingine ikikuya, ukae upande ya bamama." Mume wangu akacheka mpaka akashika mguu. Wakachagua siku nyingine. Tangu hapo kila bandeji iliyofunguliwa ilikuja na swali lilelile, kwa sauti ileile, na nadhani alianza kuona haya kumjibu vibaya mtu asiyemgombeza. Tangu mvua zilipokwisha hajavuta. Ngozi imejifunga, na amerudi kazini.

Lakini aliyeniumiza moyo ni Mado. Asubuhi ya kwanza bila sigara alisimama kwenye mbabula, mikono mitupu, hajui afanye nini. Mwisho akaja mlangoni kwetu.

"Papa, nilikosa nini?"

Mama, mtu yule hakulia mbele yetu hata alipomzika mama yake. Siku hiyo alilia. Ile ilikuwa saa yao wawili, na mtoto alidhani amenyang'anywa baba.

Nikampeleka kwa muuguzi kwa ajili ya kikohozi chake cha asubuhi. Alipoulizwa kama anavuta alishangaa kabisa. "Hapana, Mama. Mi sivutake. Naiamushaka tu." Muuguzi akatushauri tumpe kazi nyingine ya saa ileile. Sasa anampelekea baba yake kikombe cha maji. Baba anakunywa yote mbele yake, hata kwa baridi hii, meno yakigongana.

Sasa nafika kwenye neno lenyewe. Mado anakuja kwako na Mama mdogo Régine kwa likizo kubwa. Ni wajina wako, na ameshaanza kujigamba kwamba mtalala kitanda kimoja. Mimi nazijua asubuhi zako. Kabla hujageuza samaki wa kwanza, unamwita mtoto aliye karibu: "Kwenda uniwashie." Mtoto huyo nilikuwa mimi. Bado nakumbuka ladha ya majivu kabla ya uji, na jinsi nilivyofurahi uliponiita mtoto wa akili. Sikulaumu. Nawe ulimwashia mama yako.

Sikuagizi uache, mtoto hamtumi mzazi. Ila ukienda kituo cha afya kwa ajili ya magoti, na muuguzi wa huko akakuuliza swali lile, mjibu kweli. Nakupenda, Mama, na kifua chako kinanitisha.

Ombi langu ni hili moja. Nimemlea Mado asikatae neno lako, wewe kambo yake, bibi aliyempa jina. Ukimtuma motoni atakwenda mbio, na ataiwasha vizuri. Yeye hawezi kukukatalia, na mimi siwezi kukukataza. Umebaki wewe. Mwite asubuhi kama ulivyozoea, atakuja na maji.

Nisalimie Mjomba Pascal, mshona nyavu, na Dada Agathe, mwimbishaji wetu wa kanisani. Mwambie kitambaa chake kipo kwenye mzigo wa Régine. Baba Mado anakusalimu kwa mikono miwili, na anasema mguu wake utafika Pweto siku moja kukushukuru. Mungu akuweke.

Ni mimi Berthe, niliyekuwa nikikuwashia.