Mtani Aliyenizuia Stesheni ya Muheza

Mpendwa mtani wangu Kalunde,

Habari zako zimenifikia kwa kuchelewa. Wamekwisha kukuzika huko kwenu Unyamwezi, na hapakuwa na Mzigua hata mmoja wa kuwachekesha waliokuwa wakilia. Aibu yetu hiyo. Basi nakuandikia, maana moyo umejaa.

Unaukumbuka mwaka ule baba alipofariki? Nilikuwa na miaka tisa hivi. Mama alikuwa akianika mkonge shambani kwa wazungu, na sisi watoto tukishindia mihogo. Akaja bwana mmoja mwenye kanzu safi, akajitambulisha kuwa ni ndugu wa baba, Mzigua wa Handeni aliyepotelea Mombasa ujanani. Alilia kweli kweli kaburini kwa baba. Akasema atanichukua akanisomeshe. Mama alishukuru mpaka akapiga magoti. Mimi nilinunuliwa gauni la maua, nikawa naringa nalo hata kisimani.

Lakini aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Pale kambini kwenu, mlipokaa vibarua wa mkonge mliotoka Unyamwezi, watoto walikuwa wameondoka na watu wa namna hiyo kwa ahadi ya shule, na hakuna aliyesikia habari zao tena. Wazee walinong'ona, wakaishia hapo. Ninyi vijana mkagawana zamu stesheni ya Muheza. Mlitembeza machungwa kwenye madirisha ya treni, macho yenu yako kwa watoto.

Siku ya safari yangu zamu ilikuwa yako. Ulitua kapu, ukanikumbatia kiunoni, ukapiga ukelele stesheni nzima ikasikia:

"Wee Mzigua! Mtumwa wangu huyu unampeleka wapi bila ruhusa yangu? Nikomboe kwanza!"

Watu wakaangua kicheko. Kila mtu alijua Mnyamwezi kakutana na watani zake. Mzigua yeyote angekujibu palepale: "Mtumwa babu yako, aliyebeba pembe mpaka Pangani mgongo ukapinda!" Mngetukanana mkachoka, akakupa hata kipande cha muwa, mkaagana mkicheka.

Yeye alikasirika. Alikusukuma ukaangukia machungwa yako.

"Niachie mtoto, mwanamke mshenzi! Nitakuitia polisi!"

Kicheko kikakatika. Mzee mmoja mpakiaji mizigo, Mzigua wa damu, akasogea taratibu.

"Mwanangu, Mzigua gani anamkasirikia Mnyamwezi? Hebu nitajie ukoo wenu."

Badala ya kuutaja, akanivuta mkono kuelekea behewani. Vijana wenzako walikuja mbio kutoka kila upande, lakini treni ilikuwa imeanza kusogea. Aliuachia mkono wangu akarukia behewani.

Na mimi, badala ya kukushukuru, nikakung'ata! Nililia treni yangu, nikalia shule yangu. Ulinibeba mgongoni mpaka kwa mama, unachechemea, na njia nzima unanisuta: "Wazigua hawana shukrani, hata meno yao hayana adabu!" Mama alipoelewa kilichotokea, alikaa chini pale mlangoni.

Miaka mingi baadaye mmoja wa watoto wa kambini alirudi, mtu mzima mwenye mvi. Tangu utotoni alikuwa akitumikishwa nyumba za watu bila ujira, akiitwa jina ambalo si lake. Tulimuuliza mama yake aliitwa nani. Akasema amesahau. Siku ile ndipo nilipojua ulinitoa wapi.

Mimi mama yangu nilimuuguza mpaka pumzi ya mwisho. Nimesoma hapa hapa, kwa shida lakini nimesoma. Nimezaa, nimejukuu, na kila mtoto wa nyumba hii analijua jina lake na la bibi yake. Yote hayo ni yako, Kalunde.

Na sikuwahi kukwambia. Siku ya harusi yangu nilijaribu, ukaniwahi: "Nyamaza, mtumwa! Lete wali!" Ulipokuja kuaga ukirejea kwenu nilijaribu tena, ukanicheka mpaka maneno yakanikauka. Kila neno jema ulilitia utani, nami nikakujibu kwa tusi, kama ilivyo desturi yetu. Leo huwezi kunikatiza, kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho: asante.

Pumzika, Mnyamwezi wangu.

Mtani wako wa Kizigua