Wino wa Ngisi wa Jiwe

Jumatatu, 3 Machi 1828

Mvua imekatika na jabali limeporomoka tena, upande wa chini ya makaburi. Kaka yangu Ambrose hakungoja hata chai. Amerudi na tope mpaka kiunoni — mchungaji mzima wa parokia! — na jiwe chini ya koti. Kalipasua kwa nyundo juu ya meza ya jikoni, Mama Budden, mpishi wetu, akilalamika kwamba meza ile ni ya unga, si ya mawe. Ndani yake kuna ngisi. Amegeuka jiwe kabisa, na tumboni ana kifuko cheusi kama kipande cha makaa.

Nilikwangua kidogo, nikasaga kwenye kisahani changu cha rangi, nikatia tone la maji. Mazoea tu ya mchoraji. Brashi ikatoka na rangi ya kahawia, nzito, nzuri mno! Nikapiga mstari mmoja. Wino! Ule ule ambao ngisi humtupia adui usoni akapata kutoroka. Huyu alikufa na wino wake tumboni, hakuwahi kuutumia. Zikapita enzi asizozijua mtu, na leo asubuhi nimeutumia mimi. Sote watatu tuliukodolea macho ule mstari, na Mama Budden akanong'ona: "Jamani, tumemchokoza nani?"

Ambrose amemwandikia Dk. Garrould wa London papo hapo. Wanaandikiana tangu ujana wao — mawe, mifupa, ugomvi, mzaha — na kuonana wameonana mara mbili tu. Nilitaka tutie na kile kipande cha karatasi nilichopigia mstari. Akakataa. Anayepokea barua ndiye anayelipa, na karatasi ya pili humwongezea gharama maradufu. "Si adabu, dada." Basi ikaenda karatasi moja, imejaa maneno mpaka pembeni, kwa wino wa dukani.

Jumatano, 12 Machi

Jibu limefika wakati wa kifungua kinywa. Ambrose huzisoma barua za Garrould kwa sauti, akiiga na kikohozi chake. Leo kikohozi kilikwisha kwenye mstari wa tatu.

Garrould aliisoma barua yetu mbele ya wenzake wa chama cha elimu. Walicheka mpaka mmoja akafuta machozi. Wino wa jiwe! Mchungaji wa shamba kachovya kidole kwenye masizi ya jiko lake! Garrould anasema amekuwa kichekesho cha mji. Anaomba wapumzike kuandikiana.

Ambrose ameikunja barua vizuri sana. Hakugusa mayai. Nimemuuliza kama anaumwa, akasema hapana, ila baridi. Namwonea huruma hata nashindwa kushona.

Alhamisi, 13 Machi

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi! Nimemwambia: mwandikie kwa wino wenyewe. Akanitazama kama aliyemwagiwa maji. Kisha akacheka — kicheko chake cha zamani.

Nimesaga mchana wote. Ameandika ukurasa mzima kwa kalamu ya unyoya, polepole, pumzi kaibana. Mstari wa kwanza: "Rafiki yangu, masizi ya jiko langu yanakusalimu." Nilipoona herufi zinakauka nikawa naogopa kuzigusa. Ngisi aliyekufa kabla hajazaliwa mtu wa kusoma, anaandika Kiingereza! Mungu ana hazina gani nyingine humo jabalini?

Ijumaa, 21 Machi

Imerudi. Haikufunguliwa.

Mzee Loder wa posta alishindwa kututazama usoni. Anasema waliikataa mlangoni. Daktari aliona mwandiko wa nani, akasema hailipii. Ni haki yake. Basi ushahidi wote ulisimama kizingitini pale, ndani ya lakiri nyekundu, na mwenyewe akaufungia mlango.

Ambrose amesema jambo moja tu: mawe yake yote ya jabalini yatafaa kutandazwa kwenye njia ya bustani, panateleza.

Jumapili, 23 Machi

Mahubiri mafupi. Mwishoni alisahau kubariki watu. Watu wakabaki wamesimama, wakitazamana.

Jumatatu, 24 Machi

Hakulala sana, wala mimi. Alfajiri jambo likanijia, nikaona haya kwa wepesi wake. Garrould hataki kulipia kilicho ndani? Basi ndani asiwekewe kitu!

Nimekunja karatasi tupu. Nje, pembeni mwa jina lake, nimemchora ngisi mwenyewe, mzima, mikono yote, jicho lake pevu. Chini yake nimeandika: "Nimechorwa kwa wino wangu. Ndani hamna kitu. Usilipe, nitazame tu. Ukiona shaka, lowesha brashi." Nilihisi ananitazama.

Ambrose sijamwambia. Loder aliipima mkononi.

"Bi Thomasin, mbona nyepesi hivi?"

"Tupu."

"Nimebeba za mapenzi, nimebeba za misiba, nimebeba moja yenye chura. Tupu? Hii ya kwanza. Na huyu mdudu?"

"Ndiye barua."

Akaigeuza juani. Nikamweleza wino umetoka wapi. Mzee yule akaivua kofia yake, akaiweka barua ndani ya kofia, mbali na mfuko wenye unyevu. Liwalo na liwe.

Ijumaa, 28 Machi

Haijarudi. Loder kapita, kanyanyua mikono mitupu, kakonyeza.

Ambrose anapanga mawe bustanini. Leo kaweka konokono wale wakubwa wa jiwe, wa kujiviringa, ambao alivunja kidole akiwachimbua. Mama Budden anakanyaga nyasi, hataki kuwapita juu.

Jumatatu, 31 Machi

Naandika nimesimama. Loder amepiga tarumbeta yake kutoka kilimani, jambo asilolifanya ila Krismasi.

Barua kutoka London! Nene — karatasi tatu, labda nne. Na imelipiwa kule kule! Garrould, anayesifika kwa ubahili kuliko London nzima! Loder ameirudia mara mbili: "Hamdaiwi kitu, Bi Thomasin. Kalipa yeye."

Lakini si hilo lililonisimamisha. Ni jina la Ambrose hapo juu. Limeandikwa kwa rangi ya kahawia, hafifu, nyepesi kama chai ya pili. Naijua rangi ile. Amelowesha brashi! Kamwosha ngisi wangu kwenye ile karatasi, na maji yaliyotoka kaandikia jina la kaka yangu. Yametosha jina tu. "Mchungaji" na mtaa ni wino wa dukani.

Machozi yananitoka, sijui ya nini.

Toroli la mawe limesimama huko nje. Ambrose anauliza kwa sauti kubwa, ile tarumbeta ilikuwa ya nani. Mama Budden anamwambia avue buti kwanza. Havui. Anakuja na tope lake lote, na mimi nimeishika barua kifuani, jina limetazama nje —