Spika Moja, Chumba Kizima

Jumatatu, 3 Juni

Mvua tangu alfajiri. Mwalimu Eapen kaingia darasani na uso wa msiba. Mtihani wa kusikiliza Kiingereza, ule wa wauguzi wanaotaka kazi Ulaya, umebadilishwa! Kuanzia Julai kila mazungumzo yanachezwa mara moja tu, si mara mbili. Watu watatu watasema kwa kupokezana, na lafudhi yoyote ile. Na hedifoni basi — spika moja mbele ya chumba.

Darasa likalipuka. Sreeja, muuguzi mwenzangu wa wadi, akanipiga kiwiko: "Elsamma, tumezoea madaktari wanaonong'ona ndani ya barakoa. Spika ndiyo ituue?"

Nikacheka. Kwenye hedifoni nilikuwa napandisha sauti mpaka mwisho. Spika ya watu wote nitaipandisha vipi?

Jumatano, 5 Juni

Mama mkwe kanuna. Eti kaniita mara tatu nikimenya muhogo, nikamnyamazia.

"Ulaya hujafika, kiburi umeshaanza. Ukifika je?"

Nikasema samahani, Ammachi, ni mvua. Mvua ilishakatika! Mume wangu Kuriakose akainua macho kwenye sahani ya samaki, akayarudisha.

Jumamosi, 15 Juni

Nimeenda hospitali ya mji mwingine, wasikonijua. Si nta, si mafua. Sikio la kushoto linakufa polepole, na halitarudi.

Daktari ni kijana, mpole. Kasema nivae kifaa cha kusikia, na nikieleza hali yangu mapema nitaombewa kiti kizuri kwenye mtihani. "Waambie tu, sista."

Waambie tu! Nani atamwajiri muuguzi kiziwi? Kuriakose keshawatangazia binamu wote kwamba mwakani tuko Ayalandi. Nimerudi kwa treni, nimekaa dirishani, sikio zuri upande wa watu.

Alhamisi, 27 Juni

Zoezi la mfumo mpya. Nimechelewa, nafasi yangu ya upande wa kushoto imechukuliwa. Nikakaa kulia, ukutani.

Sauti tatu: mgonjwa, mkewe, daktari. Nikaandika dozi miligramu hamsini. Ilikuwa kumi na tano: fifteen, nami nikasikia fifty.

"Elsamma, umeshaua mtu!" Mwalimu Eapen alitania tu. Wote wakacheka.

Mimi sikuwaza mtihani hata kidogo. Niliwaza wadi. Je, nimewahi kusikia kumi na tano nikampa mtu hamsini? Hapana — mimi huwa namrudishia daktari agizo neno kwa neno, naye anaitikia. Kila mara. Kila mara?

Ijumaa, 28 Juni

Sreeja kanibana chumba cha dawa. "Simu unaipokea kulia siku zote. Na nikikunong'oneza kushoto unatabasamu tu kama sanamu ya kanisani. Una nini?"

Nikamwambia. Mtu wa kwanza. Akanishika mkono, kisha akanigombeza: "Mpumbavu wee! Vaa hicho kifaa. Unadhani wagonjwa watakuogopa? Wataogopa ukikosea."

Ni kweli. Nimekasirika bado.

Jumapili, 7 Julai

Kuomba kiti maalumu — muda umepita. Nimeuacha upite kwa makusudi, nijifanye sina la kufanya.

Ammachi atanisindikiza hadi mjini Kochi, kwenye mtihani. Kaweka nadhiri kwa Mama Maria na tayari anakaanga ndizi za safari. Sitaki aje! Nimesema asante.

Jumamosi, 13 Julai

Kochi. Niko kwenye benchi nje ya ukumbi, naandika ili mikono itulie. Ramani ya viti imebandikwa. Spika iko mbele kushoto. Mimi — safu ya mwisho, kulia kabisa.

Sreeja alimwomba msimamizi tubadilishane. Akakataa: namba ni namba. Kisha akanigeukia mimi. "Kwani una tatizo gani?"

Ammachi yuko pembeni yangu, mfuko wa ndizi mapajani. Ningeweza kusema macho. Ningeweza kusema baridi.

Nikasema, "Sikio la kushoto halisikii."

Ammachi kasimama, kimo chake kifupi vile, sauti ya kuuza samaki: "Umemsikia? Mkwe wangu haogopi Kiingereza chenu! Mnamweka ukutani asikilize chokaa?" Korido nzima ikageuka. Msimamizi kaingia ndani kuuliza wakubwa.

Ammachi kaketi. Hakunitazama. "Na mimi nakusema vibaya kwa majirani," akasema, taratibu. "Ungeniambia, mtoto wewe."

Wameanza kuita namba. Sreeja keshaingia. Simu ya Ammachi ikalia — Kuriakose, anataka kunitakia heri. Nikadhani Ammachi atamsimulia mwenyewe. Kasema tu, "Mkeo ana neno na wewe," akanipa.

Simu iko mkononi, kalamu iko mkono wa pili. Mlango umefunguliwa, msimamizi amesimama pale, ananiita kwa kidole, uso wake hausemi ndiyo wala hapana. Na Kuriakose bado yuko hewani, halo, Elsamma, halo —